Mpiga Gitaa Asiyesifu Mtu

Mpiga gitaa wa kambi ya wakimbizi Wasahrawi, watu wa Sahara Magharibi, hakuwahi kumsifu mtu. Nguiya, kama vijana wote waliojifunza kwake, alikuwa amegongwa vidole kwa ukucha wake mrefu wa kupigia nyuzi na kufokewa, “Unakwaruza sufuria, binti?” Siku Nguiya alipopiga harusini kwa mara ya kwanza, mjomba wa bwana harusi alisimama katikati ya wimbo. “Mwondoeni huyo msichana! Kwani wanaume wamekwisha?” Mpiga gitaa akang'oa waya wa spika. “Wamekwisha, mzee. Sasa imba mwenyewe!” Akatoka hemani, na vijana wote wakabeba ala zao wakamfuata. Huko nje alimgeukia Nguiya, macho bado mekundu kwa hasira. “Na wewe! Uzi wa tatu ulikuwa umelegea tangu mwanzo, hukusikia?”