Mnara Juu ya Kabati

Juzi, katika duka la mapambo hapa Busia, niliona mnara mdogo wa plasta, mfano wa ile inayojengwa kuwakumbuka wanajeshi waliokufa vitani. Ulikuwa umefungwa utepe wa zawadi. Niliugeuzia mgongo, nikamkumbuka nyanya yangu, ambaye sote tulimwita Kukhu.

Alasiri moja utotoni, mjomba alituletea mnara kama huo kutoka Malaba, akauweka juu ya kabati, kando ya maua ya plastiki. Nilidhani ni keki, nikaulamba. Ulikuwa na ladha ya chaki.

"Mama, sasa nyumba imekuwa ya kisasa," mjomba alimwambia Kukhu.

Kukhu aliusogelea polepole. Kaka yake alichukuliwa kwenda kwa vita vya Wazungu na hakurudi, wala hatukuwa na kaburi lake.

"Wewe unajua kusoma," aliniambia. "Nitafutie jina lake hapo."

Nilitafuta pande zote. Mahali pa majina palikuwa na mikwaruzo tu, kama kuku amechakura.

"Hakuna majina, Kukhu."

Alitema mate sakafuni, sakafu aliyoifagia mwenyewe asubuhi. "Toeni huu uchafu!"

Nilidhani ni harufu ya rangi mbichi ya mnara iliyomchukiza, nikakimbia kufungua madirisha.