Matawi ya Kina Mama

Mimi barabara ile naichukia, na nasema hivyo bila kupamba maneno. Wengi hapa Mikumi tunakula kwa ajili yake. Hata chapati zangu zinaliwa na madereva wanaosimama kunyoosha miguu baada ya kutoka hifadhini. Lakini nikiyasikia malori yanavyonguruma, moyo unanipasuka. Nilizaliwa Kisanga, ambako enzi zangu gari likipita watoto walitoka nje kulitazama. Nikaolewa huku, nyumba yetu ikiwa upande mmoja wa lami, shule na kiwanja cha mpira vikiwa upande wa pili. Aliyepanga hivyo simjui, na heri nisimjue.

Nina mtoto mmoja tu, binti, na wakati huo alikuwa darasa la pili. Baba yake anafanya kazi kwenye miwa na hurudi nyumbani mara chache, kwa hiyo kumvusha mtoto ilikuwa kazi yangu. Kila asubuhi nilimshika mkono, nikamwambia atazame huku, atazame kule, atazame tena huku, asikimbie. Yeye alikuwa hasikii. Nikimwachia tu, mguu mosi mguu pili, yuko ng'ambo anacheka.

Kisha mtoto wa jirani yangu akafa. Walikuwa wanacheza chandimu jioni, mpira wa makaratasi na kamba, ukateleza hadi barabarani naye akaufuata. Lori halikusimama hata kidogo. Mama yake alikuwa kwangu anaomba chumvi tuliposikia kelele, na chumvi ile aliishika mkononi mpaka tulipomfunika mtoto kwa kanga. Sisahau mimi.

Baada ya mazishi tulikwenda ofisi za wilaya Kilosa, kina mama peke yetu, kuomba matuta ya barabarani. Tulipokewa vizuri, shikamoo zetu zikaitikiwa, tukapewa viti. Tukaambiwa barabara kuu si ya wilaya, tuandike barua, ipelekwe mkoani, tusubiri. Jirani yangu aliuliza tusubiri nini, kwa sababu wake alishazikwa. Tulirudi kila mtu akitazama dirishani, na nilipofika nyumbani nilijifungia nikalia kwa hasira.

Wazo la matawi lilikuwa la jirani huyo. Kila anayeishi kando ya barabara anajua: gari likiharibika, utingo anakata matawi, anayapanga kwenye lami nyuma ya gari na mbele yake, na dereva yeyote akiyaona anapunguza mwendo, kwa sababu mbele kuna chuma kimesimama. Basi sisi tukasema, kama matuta hatupewi, matawi tunayo. Saa ya watoto kwenda shule na saa ya kurudi tulitoka na mapanga, tukayatandaza pande zote mbili za pale wanapovukia. Jamani, ilifanya kazi! Malori yale yale yaliyokuwa yanatupita kama upepo yakaanza kukanyaga breki na kutambaa. Madereva walichungulia wakitafuta gari bovu, wakaona watoto wenye sare wanavuka, na sisi tukacheka kwa mara ya kwanza tangu msiba.

Dereva mmoja alisimamisha lori lake, akashuka, akatuamkia kwa adabu. Akasema, "Mama zangu, sisi hatuna kitu kingine cha kuambiana njiani. Mkiyaweka bure, siku gari limelala kweli nani ataamini?"

Jirani yangu aliongeza tawi jingine kwenye lami. "Basi mtoto mwingine akigongwa, njoo umzike wewe," akamwambia.

Mwanamume wa watu akapanda lori lake akaondoka. Mimi niliona ana haki, na niliona jirani yangu ana haki, na kati ya haki mbili hizo mwanangu alikuwa anavuka. Ningefanyaje?

Haikuchukua muda madereva wakazoea. Kwanza bodaboda wa hapa kijijini, wanaopita kila siku, wakawa wanapenya kati ya matawi bila kugusa breki, wakitutania kwamba leo tumefagia vibaya. Halafu mabasi. Asubuhi moja basi lilipita juu ya matawi yetu kwa mwendo wake ule ule, likayarusha mpaka mtaroni, na binti yangu alikuwa ameshaweka mguu mmoja kwenye lami. Nilimvuta kwa shati, kifungo kikabaki mkononi mwangu. Siku hiyo sikuchoma hata chapati moja. Nilikaa jikoni, nikaamua mtoto wangu hatavuka tena kwa miguu.

Nikamkabidhi kwa bodaboda mmoja, kijana wa hapa hapa kijijini, mstaarabu, halewi. Alikuwa anawachukua mlangoni binti yangu na mtoto mwingine mmoja, mshikaki, watatu kwenye pikipiki moja, anavuka nao na kufuata lami mpaka kwenye geti la shule. Nilimsihi aende polepole, na alikuwa akienda polepole kweli. Kofia alikuwa nayo moja, yake mwenyewe. Wiki zile nililala usingizi.

Ilikuwa masika, asubuhi yenye ukungu mzito. Alfajiri lori lilikuwa limeharibika mbele kidogo ya pale tunapovukia, na utingo alikata matawi na kuyapanga vizuri kama inavyotakiwa. Sisi hatukuwa tumetoka bado. Nilimpandisha mwanangu kwenye pikipiki, nikamfunga sweta, nikarudi kukanda unga. Sikumaliza hata kuukanda.

Nilikimbia na unga mikononi. Pikipiki ilikuwa chini ya tela la lori. Yule mtoto mwingine alikuwa amekaa majanini analia, mzima. Kijana wa bodaboda alikuwa anatapika damu, meno ya mbele hayapo. Mwanangu alikuwa kimya kabisa, ananitazama, na mguu wake wa kulia sikutaka kuuangalia. Utingo alinifuata kila nilikokwenda, akirudia neno moja: "Niliweka, mama. Niliweka mengi. Yaangalie."

Niliyaangalia. Yalikuwepo, mabichi, yamepangwa tangu mbali.

Hospitalini trafiki alikuja kumhoji kijana wa bodaboda, nami nilikuwa nimekaa pale pale nikisubiri madaktari watoke chumba cha upasuaji waniambie hali ya mwanangu. Alimuuliza kama hakuona matawi. Kijana alijitahidi kusema kwa mdomo wake ule uliovimba.

"Niliyaona, afande. Nikajua ni ya kina mama."

Trafiki hakuelewa, akamtaka arudie. Mimi nilielewa mara ya kwanza. Daktari alipotoka aliniambia wameuokoa uhai, mguu umeshindikana, wameukata chini ya goti.

Matawi tumeacha. Hatukukatazwa na mtu, tulikaa tu nyumbani kila mmoja kivyake, na jirani yangu mpaka leo akipita kwangu anainamisha kichwa, ingawa sijamwambia neno baya, wala sina la kumwambia. Kilosa tulirudi. Barua ipo, wakasema, tuendelee kusubiri. Matuta hakuna. Pikipiki mwanangu haisogelei, hata ikiwa imeegeshwa na kuzimwa analia mpaka anakosa pumzi.

Kwa hiyo anavuka kama mwanzo, ila kwa magongo. Zamani nilikuwa namfokea asikimbie. Sasa natembea mbele yake hadi katikati ya lami, nanyoosha mikono yote miwili juu, nasimama hapo kama mwehu mpaka afike ng'ambo, na lami ile ni pana, sikuwahi kujua ilivyo pana. Juzi lori lilitokea kwenye kona wakati yeye yuko katikati. Alisimama, magongo yakawa yanagongana.

"Mama, limetuona?" akaniuliza.

Nikamwambia limetuona, atembee tu. Sikuwa najua.