Maua Mekundu kwa Harusi ya Wakesho

Mable alipobisha hodi, Tryphena alikuwa uani akichekecha unga. Alipomtambua mgeni, chekeche ilimponyoka mkononi. Hawakuwa wameonana tangu Aprili ya mwaka uliotangulia, siku ya harusi ya Mable mwenyewe.

Mtaa mzima wa Kaloleni, pale Voi, uliijua habari ya siku ile. Tryphena, mke wa Gibson wa reli, mama Susan kwa majirani, alijifunza kuoka katika jiko la misheni alikopika kabla ya kuolewa. Kwa miaka tisa keki zake zililiwa kwenye harusi na ubatizo kutoka Voi hadi Mwatate, na hakuna aliyelalamika. Ile ya Mable aliifunika kwa nailoni ili isiingie vumbi. Ilipofunuliwa ukumbini, krimu ilikuwa imetoka jasho, na majina ya maharusi, aliyoyaandika kwa rangi nyekundu, yalikuwa yameyeyuka na kutiririka hadi kwenye sinia. Mama mkwe wa Mable alisema, tena kwa sauti ya kusikika na kila mtu, "Keki inatoka damu."

Miezi minne baadaye mimba ya kwanza ya Mable iliharibika, na waliokuwa wameisahau keki wakaikumbuka. Tangu hapo Tryphena alioka mikate tu na keki kavu za chai. Akiombwa ya harusi, alisema siagi imekuwa shida kupatikana.

"Karibu kiti," alimwambia mgeni sasa, akipangusa mikono.

Mable hakuketi. "Wakesho anaolewa. Dada yangu mdogo. Jumamosi ya tarehe kumi na nane Julai, huko nyumbani Mghange. Nataka umtengenezee keki."

"Nitaoka, mdogo wangu. Nitapaka nyeupe tupu, itapendeza."

"La, dada. Nataka maua mekundu juu yake." Mable alimsogelea. "Mama mkwe atakuwepo. Wote watakuwepo. Mwaka mzima nimeambiwa ni ile keki, mpaka mimi mwenyewe nikaanza kuamini. Nataka waione rangi nyekundu imetulia mahali pake."

Tryphena alikusudia kukataa. Neno lililomtoka ni "Nitajaribu," na Mable alipokwisha kwenda, aliokota chekeche, akaanza kuhesabu siku.

Alikuwa na wiki tatu. Keki ya kwanza ya majaribio ilichuja rangi kabla ya saa sita mchana. Ya pili pia. Alikuwa ameiinamia hiyo ya pili, machozi yakimlengalenga, wakati Mwanamvita, jirani yake aliyesuka mikeka, alipochungulia uani.

"Rangi uliitia lini, mama Susan?"

"Mara tu nilipomaliza kupaka nyeupe."

"Basi umetia mbichi juu ya mbichi. Mimi nikiusuka ukindu mwekundu na mweupe kabla haujakauka barabara, mkeka wote huharibika. Halafu hiyo rangi yako, mbona maji matupu?"

Kweli ilikuwa maji. Ilikuja katika kichupa, na ili krimu iwe nyekundu, ilibidi amimine karibu nusu yake. Siku hiyo hiyo alikwenda dukani kwa Ishaq, akamwomba amwagizie Mombasa rangi ya unga. Ilipofika, alitia kidogo sana, akaikoroga ndani ya siagi bila hata tone la maji. Krimu ikawa ya waridi tu, na moyo ukamwambia aongeze. Alijizuia. Kesho yake asubuhi ilikuwa imekoza yenyewe, nyekundu kama pilipili iliyoiva.

Akaendelea hivyo, akiharibu na kurekebisha. Krimu nyeupe aliizidishia sukari ya unga, akaiacha wazi mpaka ikajifanyia ngozi isiyonata kidoleni. Maua hakuyakamulia juu ya keki tena. Aliyakamulia kwenye vipande vya karatasi, akayakausha siku mbili. Na nailoni aliitupa, kwa sababu sasa alijua jasho lilitoka wapi.

Siku ya harusi waliondoka Voi asubuhi kwa Landrova ya Silvanus, shemeji yake. Keki nyeupe ilikuwa ndani ya katoni iliyotobolewa matundu, na maua yalikuwa juu ya ungo uliofunikwa kwa shashi, mapajani mwa Tryphena. Mwatate walipita jua likichoma. Walipoanza kupanda milima, hewa ikapoa, na baada ya Wundanyi ukungu ulitanda hadi Silvanus akalazimika kuwasha taa.

"Punguza mwendo, shemeji."

"Nikipunguza zaidi tutasimama."

Tryphena aligusa shashi. Ilikuwa na unyevunyevu. Akavua sweta, akaufunika ungo kwalo.

Huko Mghange walimpa chumba cha darasa karibu na kanisa. Aliweka keki mezani, na hapo ndipo alipoona kwamba sufuria za pilau zilikuwa zikichemka chini ya dirisha, na mvuke wote unaingia ndani. Alikimbia kufunga madirisha. Moja halikufungika, akaliziba kwa kanga yake na kusimama hapo akiishikilia. Maua alipanga kuyaweka dakika ya mwisho, maharusi wakitoka kanisani. Lakini mchungaji alichelewa, ibada ikarefuka, na kila wimbo ulipokwisha, mwingine ulianza.

Mlango ulifunguliwa. Ni mama mkwe wa Mable.

"Ni wewe tena?"

"Ni mimi, mama."

Mama yule aliitazama keki nyeupe, akautazama ungo, akatoka.

Vigelegele viliposikika, Tryphena aliachia kanga na kuanza kupanga maua, moja baada ya jingine. Ua la saba lilikuwa limelowa chini. Alipoliweka, ulitokea mstari mwembamba mwekundu kama uzi. Akalinyanyua kwa kisu, akakwangua, akaziba pale kwa krimu nyeupe. Hofu ilimrudia baadaye, wanaume wawili walipokuwa wakiibeba meza uwanjani.

Watu waliizunguka. Mama mkwe wa Mable alisogea, akainama, akagusa ua moja kwa kidole, kisha akakitazama kidole. Kilikuwa safi.

Mable alipita mbele yake. Hakungoja keki ikatwe. Alilichukua ua lile lile, akalitia mdomoni lote, akatafuna polepole mbele ya watu wote, macho yake kwa mama mkwe wake.

"Tamu," alisema.

Wakesho ndiye aliyecheka kwanza, na wageni wakafuata. Mama mkwe akavuta kiti, akamwambia Mable aketi, asichoke bure kwa kusimama.

Kabla ya jioni wanawake wawili walikuwa wamemuuliza Tryphena kama Disemba ana nafasi. Alisema anayo. Akapanda Landrova, akaegemeza kichwa dirishani, na hawakuwa wamefika Wundanyi alipopitiwa na usingizi.