Dalali Lorne Aingia Ziwani

Lorne Petryshyn alikuwa dalali wa ng'ombe kule jimbo la Saskatchewan, na mdomo wake haukuwa na breki. Alipostaafu, mkewe Halyna alivumilia majira yote ya baridi huku mumewe akinadi kila kilichowekwa mezani, hata chumvi. Kiangazi kilipoingia akamwambia, "Nenda kajitolee mahali, mume wangu, kabla sijakunadi wewe."

Ndipo akafika kwenye kambi ya kando ya ziwa, ambako watu wazima wenye usonji, na wengine ambao akili zao zina mwendo wake, hucheza na kupumzika pamoja na watu wa kila namna. Bernadette, mkuu wa kambi, alimpa onyo moja tu: "Hapa useme unachomaanisha."

"Mimi? Tangu nizaliwe sijasema uongo!" Lorne akajibu, na huo ukawa uongo wake wa kwanza.

Akapangiwa kuwa na Delphine, mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mwenye vizuia kelele masikioni na mapenzi makubwa ya kuogelea.

"Maji yakoje?" Delphine akauliza.

"Moto kama chai, dada yangu!"

Delphine akaenda, akaingia hadi magotini, akarudi mbio akitetemeka. "Ile si chai. Wewe umewahi kunywa chai kweli?"

Mwingine angekoma. Lorne, wapi! Wakati wa chakula cha jioni akatamba mbele ya watu: "Kesho ikinyesha, naruka ziwani na buti zangu!"

Ikanyesha. Asubuhi alipofungua mlango wa kibanda chake, akamkuta Delphine amesimama na mwavuli na taulo.

"Twende."

"Wapi tena?"

"Ziwani. Buti umeshavaa, vizuri."

"Aa, dada, yale yalikuwa maneno tu."

"Maneno tu ndiyo nini?"

Lorne akakumbuka jinsi Delphine alivyotoka majini akitetemeka kwa sababu tu alimwamini. Aibu ikamshika. Akatembea hadi mwisho wa gati, akaruka. Yowe lake lilisikika hadi jikoni.

Alipoibuka, buti moja ilikuwa imezama. Delphine alimnyooshea taulo huku akicheka hadi machozi.

"Yakoje?"

"Baridi," Lorne akasema, meno yakigongana. "Baridi, basi."

Jioni ya mwisho Delphine mwenyewe akamwomba anadi pai ya matunda, ila kwa kunong'ona, masikio ya watu yasiumie. Bei ilikuwa kuosha masufuria, na kila mkono uliopanda uliongeza idadi yake. Lorne akanong'ona kwa kasi yake yote, mikono ikawa inapanda kimya kimya, mpaka mbu akatua puani mwake. Akampiga.

"Umeinua mkono," Delphine akasema.

"Nilikuwa namuua mbu!"

"Mnadani mkono ni mkono."

Hapo wote wengine wakashusha mikono yao. Lorne akala pai, kisha akasugua masufuria ya kambi nzima, Delphine kando yake akimwonyesha kila palipobaki masizi.