Jumba la Magamba la Pulchérie

Wifi yangu Pulchérie hupamba vyumba vya maharusi hapa Baraka, mji wetu wa kando ya ziwa. Mama wa bibi arusi akimkabidhi ufunguo, hagusi kitambaa chochote kabla hajapiga deki. Mpe shuka lenye doa la chai, atakurudishia bila salamu. Ndiyo maana huitwa kupamba mpaka Fizi kule juu. Jina lake ni usafi wake, hana jingine.

Mwaka jana akaja Isidore, kijana wa Uvira mwenye kamera ya kukodi na maneno mengi. Alikuwa anatengeneza filamu fupi ya mvuvi anayependana na malkia wa ziwa, akataka jumba la malkia huko chini ya maji. Pulchérie alifurahi hadi akasahau kutia chumvi kwenye mboga siku mbili. Kwa mara ya kwanza aliombwa kitu ambacho hakuna mama mkwe angekichagulia rangi.

Tukaazima darasa wakati wa likizo. Tukafunika kuta tatu kwa mashuka, kisha yeye akataka magamba ya sangala, wale samaki wakubwa wa ziwani. Gamba moja moja, mnanisikia? Tuliyaosha kwa majivu, kwa sabuni, kwa ndimu, tukayaanika siku tatu, tukayabandika kwa uji mzito wa muhogo. Vidole vilinichubuka. Lakini Ijumaa jua lilipoingia dirishani, kuta mbili zilimeremeta mpaka nikanyamaza. Mimi, kunyamaza!

Ulibaki ukuta mmoja, na Pulchérie aliomba siku nne. Isidore hakuwa nazo, kwa kuwa Divine, aliyecheza malkia, alitakiwa kurudi Uvira Jumanne. Jumapili, sisi tukiwa kanisani, akatuma pikipiki kijijini Swima kwa wamama wanaopasua samaki. Likaja gunia la magamba mabichi, na damu yake, na matumbo yake. Hakuosha hata gamba moja. Alibandika ukuta wa tatu, na yaliyobaki akayajaziliza juu ya kuta zetu ili zing'ae zaidi. Akafunga madirisha, akaenda kula.

Jumatatu saa nne asubuhi bati la paa lilikuwa limeshapika kila kitu. Nilifungua mlango nikarudi kinyumenyume. Uji ulikuwa umechacha, unatiririka, na nzi wa mji mzima walikuwa wamealikwa. Kwenye kiti cha malkia walitembea funza. Hata leo nikikumbuka naona kinyaa, na kinyaa chenyewe si cha samaki tu. Samaki mmoja akioza huoza wote, husema watu. Pale haikuwa methali tena. Divine aliingia hatua mbili, akatapikia gauni la arusi alilovishwa kama malkia.

"Mama Pulchérie, hii uchafu ni nini?" akapiga kelele.

Waliokuja kutazama, wamama wenye mabinti wa kuolewa, wakaanza kunong'ona. "Kumbe huyu njo mwenye kuingiaka mu vyumba vya batoto betu?"

Isidore hakusema gunia lilikuwa lake. Alikohoa tu. "Mama, tufanye mbio. Harufu haionekane ku filme."

"Hapana," Pulchérie akasema. "Batu bote batasema ni mi njo nilifanya hivi."

"Lakini iko muzuri sana mu kamera! Angalia!"

Nilichungulia mimi. Ni kweli, ilipendeza ajabu, nami nikazidi kumchukia.

Pulchérie hakutazama. Alishika shuka la kwanza akalivuta chini. Magamba masafi hayakuweza kutenganishwa na machafu, uji ulikuwa umeyashika pamoja. Akabomoa kuta zote tatu, akazika kila kitu nyuma ya choo, akapiga deki darasa mara mbili mbele ya watu, waone. Nilimsaidia huku nikitema mate.

Isidore akapiga filamu yake hivyo hivyo, malkia amekaa mbele ya pazia la hoteli lenye maua ya kahawia na alama ya pasi.

Mwezi uliofuata tulialikwa kuitazama katika ukumbi wa parokia. Pazia lilipotokea, watu walicheka. Mvuvi alipopiga magoti alilikanyaga, likaanguka nusu, wakacheka zaidi. Mwishoni yakaja majina. La kwanza baada ya Isidore, kwa herufi za dhahabu: Mapambo yote, Mama Pulchérie wa Baraka.

Aliinuka. "Isidore, ondosha jina yangu pale."

Yule akatabasamu kama mtu anayetoa zawadi. "Mama, nilitaka nikuheshimu. Na filme ilipanda ku internet tangu jana. Batu elfu tatu bamekwisha iona."