Mahindi Ndani ya Nyumba ya Kupanga

Siku ya kwanza kazini Alhaji alinipokea kwenye soko la mahindi la Kibaigwa, amekaa juu ya gunia la mahindi, maana ofisi nyingine hakuwa nayo. Alikuwa mfanyabiashara wa nafaka, mzaliwa wa Dodoma mjini, na miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa, alijenga nyumba za kupangisha katika mitaa ya Ipagala na Nkuhungu. Sasa wapangaji walikuwa wamemshinda. Mimi nilikuwa nimetoka kupunguzwa kazi katika idara ya majengo ya shirika moja la umma, ila kiburi changu hakuna aliyekipunguza.

"Mama Yoeli, wewe si dalali kama wale wengine?" aliniuliza.

"Dalali anakuletea mpangaji, anachukua chake, anaondoka. Mimi nabaki na mpangaji na bomba lake linalovuja."

Alicheka, akanikabidhi funguo.

Ninyi vijana mnadhani kusimamia nyumba ni kudai kodi. Kodi ni siku moja. Siku zilizobaki ni kupatanisha wanaogombania kamba ya kuanikia nguo, kupanga zamu za maji, na kumfuata fundi ambaye kila ukimtafuta yuko njiani anakuja. Bosi wangu wa zamani, Afisa Majengo wa shirika, alinifundisha kuanza ukaguzi na dari. "Chini watakufagilia," alisema, "juu hawafiki." Sikumpenda mtu yule, lakini kwa hilo namshukuru.

Nyumba ya Nkuhungu ilikuwa pacha, yaani familia mbili chini ya paa moja. Mafundi walibana matofali: ukuta wa kati uliishia kwenye dari, na juu yake palikuwa wazi kutoka upande mmoja hadi mwingine. Upande wa kwanza aliishi Mama Editha, karani aliyehamishiwa kwetu kutoka Bukoba, pamoja na bintiye mdogo. Upande wa pili ulipokosa mpangaji, Alhaji aliujaza magunia kusubiri bei ipande, akatia kufuli lake mwenyewe. Niliponung'unika aliniambia mahindi hayagombanii maji.

Asubuhi moja nilimkuta Mama Editha barazani, kampakata mtoto.

"Shikamoo mama. Editha anatapika tangu alfajiri, na mimi kichwa kinapasuka. Nadhani ni malaria."

Nikaingia ndani. Palinuka kitunguu saumu, na jiko lilikuwa la baridi. Nikatazama dari, nikakumbuka magunia ya upande wa pili. Vidonge! Vidonge vya kuua wadudu wa nafaka hutoa hewa ya sumu inayonuka kama kitunguu saumu, na hewa ile ilikuwa ikipita juu ya ukuta na kuwashukia walipolala.

"Usirudi ndani hata kuchukua kitenge," nilimwambia. Jirani mwenye pikapu akawakimbiza hospitali.

Nikabaki nalitazama kufuli. Ndani mlikuwa na jasho la msimu mzima la bosi wangu, na wingu lilikuwa limetanda. Ningeweza kumsubiri. Lakini mama yule hakuwa na ndugu Dodoma nzima. Akiruhusiwa angerudi na mtoto kulala pale pale. Niliazima nyundo kwa seremala, nikalivunja. Tulifungua milango na madirisha, tukakaa mbali mpaka upepo upite vya kutosha, ndipo vijana wa mtaa wakaanza kutoa magunia uani. Hawakuwa wamemaliza mvua ikashuka. Majirani walileta maturubai na mikeka, havikutosha.

Alhaji alifika jioni, kalowa chapachapa.

"Nani kavunja?"

"Mimi."

"Mahindi yangu, Mama Yoeli!" Ilikuwa sauti ya kulia kuliko ya kugomba, na kwa kweli nilimwonea huruma. Nikamweleza habari za vidonge na mtoto.

"Vijana wa ghala ndio waliotia," alisema taratibu. "Sikujua ukuta haufiki juu."

"Nyumba ni yako, Alhaji."

Nilikuwa mkali, wala sijuti. Akauliza, "Mtoto yu hai?"

"Yu hai. Amelazwa."

Akapita katikati ya magunia yake bila kuyatazama, akaenda hospitali kwa miguu katika mvua ile ile.

Editha alipona. Alhaji alipandisha kuta hadi kwenye bati katika nyumba zake zote, lakini kunishukuru hakunishukuru, na kwa muda mrefu aliitikia salamu yangu kwa shingo upande.

Sasa nimestaafu, magoti yamegoma. Wenye nyumba huja kuniuliza waajiri msimamizi wa namna gani, nami huwasimulia siku tajiri mmoja wa Ipagala alipomuuliza Alhaji kama mimi nafaa. Nilikuwa nimekaa hapo hapo, nikatamani ardhi inimeze.

"Huyu mama," Alhaji alisema, "siku moja atakuvunjia kufuli lako, mali yako ilowe uani huku anakutazama usoni." Akanywa kahawa yake polepole. "Mchukue. Ila nyumba zangu haachi."