Zizi la Ndama

Wadachi wanaiita kodi ya nyumba, lakini huku kwetu akida wao anahesabu milango. Tembe yetu ni moja, ndefu, paa lake la udongo limetufunika wote, kila mtu na chumba chake. Mlango wako, kodi yako. Kama huna rupia, utazitafuta kwenye kazi ya reli.

Ndiyo maana bibi aliuziba mlango wake kwa udongo, akawa anapitia chumbani kwa baba. Kuku wake nao. Nilipomwuliza baba kama hao kuku amewatolea mahari, nilikula kofi.

Kaka yangu alikuwa ametoka relini, bega limeota sugu kwa kubeba mataruma ya kulazia reli. Kwa ujira wake alinunua ng'ombe wa mahari, akaongeza chumba mwishoni mwa tembe, akakitia mlango wa mbao. Wakwe walishasema: binti yetu hapitii chumbani kwa mtu.

Ikasikika kwamba akida yuko njiani.

"Ziba," baba akamwambia kaka.

"Sizibi, baba. Nimefanya kazi ili nipate mlango."

"Ndilo kosa lako. Aliyelala tu hadaiwi mlango."

Rai ikatoka kwangu: zizi halilipiwi kodi. Tukaingiza ndama wawili chumbani kwa kaka, tukamwaga majani na mavi. Kilinuka zizi kabisa. Ingetosha. Lakini mimi, msomi, nikaokota mkaa nikaandika mlangoni: ZIZI LA NDAMA. Zile Z zilinipendeza mno.

Akida alichungulia, akabana pua, akageuka aende zake. Hapo ndipo akayaona maandishi. Kijiji kizima, tunaojua kusoma tulikuwa wawili tu: mimi na yeye.

"Ndama wenu wanasoma?"

"Wanajifunza, bwana."

Alicheka mpaka akashika kiuno. Nikacheka naye, mpumbavu mimi. Alipomaliza, akaanza kugonga ukuta kwa fimbo, polepole, chumba hadi chumba, mpaka akafika penye udongo mpya wa bibi.

"Na huyu naye ndama?"

Kwa milango miwili iliyofichwa, askari wake waliswaga ng'ombe wote wa mahari. Mchumba wa kaka ameolewa Makutupora, na mtu ambaye hajawahi kushika taruma.

Juzi baba alimwambia kaka, "Rudi relini, mwanangu. Utapata wengine."

"Nikifika huko nifanye nini, baba? Nijenge mlango mwingine?"

Hajalima mwaka huu. Analala mle mle, na ndama, mpaka jua linapanda. Jana nilichukua kitambaa chenye maji nikayafute yale maandishi. Akanisikia akiwa ndani, hata hakuinuka.

"Acha," akasema. "Sasa ni kweli."